Amegonga Leo?

Nilidhani ni mume wangu anapigilia misumari.

Gu. Gu. Gu. Gu.

Mchana kweupe. Mimi niko chumba cha nyuma nakamua mashuka ya nyumba ya wageni, nimeloa mpaka viwiko.

"Baba Kidoti, unagonga nini huko?"

"Nigonge nini mimi? Napiga pasi mashati ya watu!"

Nikatega sikio. Sauti ilikuwa inatoka chumbani kwetu, alikolala mtoto.

Nikaweka shuka chini, nikanyata, nikausukuma mlango kidogo.

Mwanangu alikuwa amekaa kwenye kitanda chake cha mbao, ameshika fito kwa mikono yote miwili. Anajivuta nyuma, anakuja mbele, paji la uso linatua kwenye ubao. Gu. Anajivuta tena. Gu.

Halii. Hana homa. Hana hata hasira.

Aliponiona akatabasamu, meno yake mawili yakaonekana. Kisha akaendelea na kazi.

Nikapiga yowe. Baba Kidoti akaja mbio na pasi mkononi, waya unaburutika chini.

"Mtoe! Mtoe humo!"

Nikamtoa. Akalia kwa kutolewa, kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Nikamrudisha.

Akanyamaza. Gu.

Mtoto anayelia unajua pa kuanzia. Utamlisha, utambadilisha, utambeba. Mtoto anayejigonga kichwa huku anatabasamu, unaanzia wapi?

Niwaeleze kidogo tulivyo, ili mnielewe.

Sisi ni watu wa kufua nguo. Mbele kuna kaunta na meza ya pasi, hapo ni pa mume wangu. Nyuma kuna mashine na kamba za kuanikia, hapo ni pangu. Katikati ni chumba chetu cha kulala. Ukikohoa chumbani, mteja aliye kaunta anakwambia pole.

Mashine zikiharibika natengeneza mwenyewe. Sikusomea. Nilijifunza kwa kufungua, kuharibu, na kurudishia. Nina kanuni moja tu: badilisha kitu kimoja, kisha subiri uone. Ukibadilisha viwili kwa mpigo, mashine ikipona hujui kilichoiponya.

Kidoti alikuwa na miezi kumi. Tunamwita hivyo kwa sababu ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo.

Na kabla ya hilo la kichwa, alikuwa ameshatuchosha kwa mengine.

Alikuwa mtoto wa kila mtu, anabebwa na kila mteja. Ghafla akaanza kuwaogopa. Mzee wa watu kaja kuchukua suti yake, kamchekea tu, mtoto kalia mpaka mzee akaomba radhi.

Nikienda chooni, kilio kama nimehama nchi.

Ukimpa kijiko anakitupa. Ukikiokota anakitupa tena, halafu anakichungulia kilipoangukia kama anakikagua. Na kuuma! Mume wangu alikuwa na alama za meno begani, akawa anaona haya kuvua shati mbele ya watu.

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba siku moja nilimfungia mteja nguo zangu za ndani nikidhani ni soksi zake. Alizirudisha mwenyewe, amezikunja vizuri kuliko mimi.

Hayo yote tuliyabeba. Tulisema ni utoto, utapita.

Lakini la kichwa lilitumaliza.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni msusi. Ana mdomo, lakini ana moyo. Alikuja na chanuo lake limechomekwa nyweleni.

"Mama Kidoti, mnajenga?"

"Hatujengi."

"Basi mwambieni fundi apumzike kidogo. Nina mteja kule, kila nikivuta nywele, huku gu! Anadhani mimi ndiye namgonga."

"Ni mtoto."

"Mtoto ana nyundo?"

"Ana kichwa."

Kicheko kikamkauka. Akaingia, akajionea mwenyewe, akaweka mkono mdomoni.

"Weee! Na anafurahi?"

"Anafurahi."

Kuanzia hapo kila aliyeingia dukani alikuwa na neno lake. Huyu anasema meno. Yule anasema minyoo. Mwingine akasema ni hasira, mtoto anatuonyesha kwamba hatumjali, tunajali nguo za watu. Alisema hivyo huku ananikabidhi mfuko wa nguo zake, anazitaka jioni.

Tukampeleka kliniki.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Alimpima masikio, akammulika macho, akamwita kwa nyuma akageuka. Akampapasa kichwa chote kwa vidole.

"Akigonga analia?"

"Halii."

"Anagonga wakati gani zaidi?"

"Akitaka kulala. Au akichoka."

"Mtu anayemjua akimchekea, anacheka? Anatoa visauti? Ananyoosha mikono abebwe?"

"Vyote."

"Basi anajibembeleza. Wewe mtu mzima ukikaa unawaza, hutikisi mguu?"

Niliutazama mguu wa mume wangu. Ulikuwa unatikisika.

"Watoto wa umri huu wapo wengi wanaofanya hivi," muuguzi akasema, "na wengi huacha wenyewe. Kazeni skrubu za kitanda, kisogezeni mbali na ukuta, msimjazie mito. Mkiona hacheki tena, au hageuki akiitwa, au ameacha mambo aliyokuwa ameshayajua, au amejiumiza kweli, mrudi haraka sana."

"Na dawa?" mume wangu akauliza.

"Haina dawa, baba. Ina uvumilivu."

Tulitoka pale tumenuna, we acha tu.

Mtu aliyechoka haendi kliniki kutafuta habari njema. Anakwenda kutafuta kitu cha kushika mkononi. Tungepewa hata chupa ya maji yenye rangi, tungelala usingizi.

Nikasema basi, nitafanya ninavyofanya kwenye mashine.

Kwanza nilikaza skrubu, nikakisogeza kitanda. Nikasubiri. Gu.

Nikabadilisha muda wa kumuogesha. Nikasubiri. Gu.

Nikamlaza chini kwenye godoro, hakuna fito. Akatambaa mpaka kwenye mguu wa kabati, akakaa vizuri, akaanza. Nilimrudisha kitandani mwenyewe, maana kitanda angalau nakijua.

Siku moja nikiwa naanika, wazo likanijia.

Tulikuwa na mashine kuukuu iliyokuwa inaruka ikikausha nguo, inapiga sakafu mpaka vikombe vinacheza. Kidoti alizaliwa ikiwa bado kazini. Alikuwa analala kwenye kapu pembeni yake. Tulipopata nyingine iliyotulia, ile tukaitoa uani. Na haukupita muda mrefu baada ya hapo, mtoto akaanza kugonga.

Nikaacha shati limening'inia kwa mkono mmoja, nikakimbilia mbele.

"Baba Kidoti! Ameikosa mashine!"

"Amekosa nini?"

"Ule mdundo. Alizoea kulala nao. Sasa hausikii, anautengeneza mwenyewe!"

Alinitazama kama mtu anayetaka kubisha lakini nguvu hana.

"Haya. Tuiingize."

Tuliisukuma mpaka chumbani, migongo ikatuuma. Nikaijaza mataulo mazito upande mmoja ili irukeruke kama zamani. Nikaiwasha.

Mashine ikaanza kucheza. Ikatembea yenyewe kutoka ukutani mpaka katikati ya chumba. Kidoti akakodoa macho, akapiga makofi, akacheka kwa sauti.

Mume wangu akanishika mkono. Nikaona machozi yanamlengalenga.

"Umeipata, Mama Kidoti. Umeipata!"

Tukamlaza. Akalala kimya akiisikiliza. Tukaanza kurudi nyuma taratibu.

Akainuka. Akakaa. Akashika fito.

Gu.

Tena anafuata mdundo. Mashine inapiga, mtoto anapiga. Sasa wakawa wawili.

Msusi akachungulia dirishani. "Jamani, leo mmeongeza na kibarua?"

Baba Kidoti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Na mimi nikacheka. Sikumbuki ni wapi hasa kicheko changu kiligeuka kilio, ila najua yeye aligundua kabla yangu, akazima mashine.

Kesho yake asubuhi, mama mkwe akaingia, ameteremka kwenye basi la usiku, amekuja kutusalimia.

Mama mkwe wangu si mtu mbaya, na nataka hilo mlijue tangu sasa. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, anaishi mji mwingine, safari ya basi ya nusu siku. Nilipojifungua alikuja akaniogeshea mtoto, akanipikia, akaondoka bila kunisema hata kwa jambo moja. Mume wangu ni mwanawe wa pekee.

Alimchukua Kidoti, akamgeuza uso kwenye mwanga. Kidole chake kikasimama kwenye nundu ya paji la uso.

"Hii nini?"

"Anajigonga, Mama. Tumempeleka kliniki, wamesema..."

"Anajigonga."

Hakuuliza. Alilirudia tu, polepole, kama mtu aliyesoma jina lake mahali asipolitegemea.

Mchana Kidoti alipowekwa kulala, mama mkwe alisimama mlangoni akamtazama. Alisimama muda mrefu, ameshika fremu ya mlango. Nilimletea kiti, hakukiona.

"Analala na nani?"

"Na sisi, Mama."

"Mchana anashinda na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe."

"Na mimi, Mama."

Akarudi mbele, akakaa. Mume wangu alikuwa anapiga pasi, mvuke unapanda.

"Nipeni mtoto nikakae naye."

Pasi ikasimama.

"Mama, kliniki wamesema ni kawaida," mume wangu akasema.

"Kliniki hawalei. Mtoto wa namna hii akitolewa kwa mama yake, anaacha. Ni hali ya mama inayomwingia. Mama ana haraka, mtoto naye anakuwa na haraka ambayo hajui aipeleke wapi."

"Nani kasema hivyo, Mama?" nikauliza, kwa heshima.

"Najua."

"Unajuaje?"

Akageuza uso akatazama barabarani. "Najua, mwanangu. Usinichimbe."

Jioni nilimfuata mume wangu uani, anaanua nguo.

"Wewe unasemaje?"

"Ni mama yangu."

"Sijauliza ni nani. Nimeuliza unasemaje."

Alikunja suruali, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nasema nimechoka, Mama Kidoti. Nasema sijui."

Nilitaka kukasirika. Nikashindwa, kwa sababu hata mimi ningeulizwa, jibu langu lingekuwa hilo hilo.

Nikaenda kukaa na mashine zangu. Nikawaza kama ninavyowaza kazini. Nimebadilisha kitanda. Nimebadilisha muda wa kuoga. Nimebadilisha godoro, sauti, kila kitu. Kimebaki kimoja tu ambacho sijakitoa nikaona.

Mimi.

Mnaweza kunishangaa. Hata mimi leo najishangaa. Lakini kichwa kilichochoka kikishika kanuni, hakiiachi.

Nikaenda kwa mama mkwe.

"Mama, mchukue. Lakini tuelewane. Akiendelea kugonga kwako, ndivyo alivyo, unamrudisha."

"Na akiacha?"

"Akiacha, basi mimi ndiye namdhuru."

"Akiacha, anabaki kwangu mpaka atembee na aseme," akasema mama mkwe. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma sheria ambayo hakuitunga yeye.

"Ndiyo, Mama."

Mume wangu aliweka nguo chini. "Mama Kidoti, una wazimu?"

"Nataka kujua."

Waliondoka asubuhi. Maziwa yangu yalikuwa yamekata mapema, Kidoti alikuwa mtoto wa kikombe na uji, kwa hiyo hata hicho kisingizio sikuwa nacho. Alinyoosha mikono kutoka mgongoni kwa bibi yake mpaka wakapinda kona. Kilio kikaendelea kusikika hata baada ya kona.

Msusi alikuwa mlangoni kwake.

"Umemtoa mtoto kama unapeleka spea ikapimwe?"

Nikaingia ndani kufua.

Siku ya kwanza nikapiga simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Amegonga leo?"

Nikasikia upepo, na kuku.

"Hajagonga."

Nilikaa juu ya beseni nililolifudikiza. Hajagonga. Neno moja tu.

Kesho yake nikapiga tena.

"Amegonga leo?"

"Hajagonga."

"Amelala vizuri?"

"Amelala. Haya, kazi njema."

Kwenye ufundi mambo hayana siasa. Ukitoa kifaa na mlio ukaisha, kifaa hicho ndicho kibovu. Huwezi kukionea huruma.

Nyumba ikawa kimya. Nilikuwa nimeutamani huo ukimya kwa miezi, na ulipokuja nikauona ni mkubwa kuliko nyumba. Nilikuwa nikikaribia kitanda chake napitia upande wa pili wa chumba. Nguo zake ndogo nilizifua zikiwa safi, nikazianika, nikazifua tena.

Mume wangu akaunguza shati la mteja. Hajawahi kuunguza shati tangu nimjue.

"Nikamchukue," akasema, bado ameshika shati lenye alama ya pasi mgongoni.

"Tulielewana."

"Mlielewana nyie. Mimi sikuelewana na mtu."

"Mimi ndiye mbovu, Baba Kidoti. Umeona mwenyewe. Mwache akae na mzima."

Akaja mpaka kwenye beseni, akashika ncha ya pili ya shuka nililokuwa nakamua. Tukakamua pamoja, kila mtu anavuta kwake, mpaka maji yakaisha, na bado hatukuliachia.

Msusi naye hakunyamaza.

"Ukipiga simu, mtoto unamsikia?"

"Mama akipokea huwa yuko nje."

"Kila siku nje? Na jua lote hili?"

"Usimseme mama wa watu."

"Sijamsema. Nimeuliza tu."

Niliendelea kupiga kila mchana. Kila mchana nikaambiwa hajagonga, na kila mchana sauti ya mama mkwe ilikuwa inazidi kuwa ndogo. Nilidhani ananionea huruma.

Halafu siku moja, bila taarifa, jua likianza kuteremka, nikasikia sauti ya mume wangu kule mbele.

"Mama?"

Nikatoka na povu mikononi.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kaunta, vumbi mpaka magotini, Kidoti mgongoni. Mtoto aliponiona akajirusha kwa nguvu mpaka bibi yake akayumba. Nikampokea. Akanishika shingo kwa kucha zote alizokuwa nazo.

Nilipomwangalia usoni, nikaiona. Nundu mpya, kubwa kuliko ile aliyoondoka nayo.

"Mama, hii ni ya lini?"

Mama mkwe alijiachilia kwenye kiti cha wateja.

"Nimekudanganya."

Mume wangu akaweka pasi pembeni.

"Amegonga tangu siku ya kwanza. Amegonga kabati. Amegonga mlango. Nikimbeba anagonga bega langu. Ukipiga simu natoka nje ili usisikie."

"Mama!" mume wangu akazunguka meza. "Mwenzako hali, halali, anajiona mchawi wa mtoto wake! Kwa nini?"

"Kila siku nilisema kesho ataacha. Akiacha kesho, uongo wa leo utakuwa kweli."

Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Jana mkeo alipopiga, nikatoka nje kama kawaida. Nikasema hajagonga. Na sikio langu hili lingine linamsikia dirishani, gu, gu. Basi nikaisikia sauti yangu ninavyosema. Haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya mama mkwe wangu."

Mimi na mume wangu tukatazamana.

"Wewe, baba," akamwambia mwanawe, "ulikuwa unagonga. Usinitazame hivyo. Ulikuwa unagonga mpaka majirani wanauliza kama tunavunja nyumba."

"Mimi?"

"Wewe. Bibi yako akaja, akaona nundu, akakuchukua. Akasema ni hali ya mama inayomwingia mtoto. Simu hazikuwepo. Kila nikipata ruhusa kazini nakwenda, nikifika nakuta wamekupeleka kwa jirani, naambiwa hajagonga tangu atoke kwako, usimwamshie mambo, rudi kazini. Narudi. Ulikaa huko mpaka ukawa unakimbia na kusema."

Akavuta pumzi.

"Siku waliyokurudisha, uliniita shangazi."

Mume wangu alikuwa bado ana shati la mtu mkononi. Likaanguka.

"Hukuniambia, Mama."

"Ningekwambia nini? Kwamba nilikuwa nakudhuru? Niliamini. Miaka yote hiyo nimeamini. Baba yako alitaka mtoto mwingine, mimi nikakataa. Nilisema nitamharibu na huyo."

Akanigeukia mimi.

"Nilitaka kumwokoa mjukuu wangu kwako, kama mwanangu alivyookolewa kwangu. Kumbe..."

Akainamisha kichwa.

Mimi nilikuwa na hasira, sitaki kudanganya. Siku zote zile kwenye beseni. Lakini nilimtazama pale kwenye kiti cha wateja, viatu vimejaa vumbi, mikono ya kupika masufuria ya watoto wa watu imelala mapajani, na hasira ikakosa pa kukaa.

"Mama," nikasema, "labda na yeye alikuwa anatoka nje."

"Nani?"

"Mama mkwe wako. Labda naye alikuwa anangoja kesho."

Akaanza kucheka, na kulia, vyote kwa pamoja, mabega yanapanda na kushuka. Mume wangu akapiga magoti mbele ya kiti, akalaza kichwa mapajani kwake. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Na mama yake akawa anampapasa paji la uso kwa vidole vyote, taratibu, kama bado kuna uvimbe pale wa kuukanda.

"Pole, Mama," mume wangu akasema. "Pole kwa hilo la kukuita shangazi."

Nilimlaza Kidoti. Haikupita dakika, akainuka, akashika fito, akaanza. Tulimsikia wote watatu.

Hakuna aliyesimama.

Mama mkwe aliegemeza kichwa ukutani, akasikiliza mpaka mwisho, mpaka mgongo wa mtoto ulipolegea na chumba kikawa kimya. Nilipogeuka kumuuliza kama atakunywa chai, naye alikuwa amelala, mdomo wazi, mkoba bado uko begani. Mteja aliingia kuchukua gauni lake, mume wangu akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha, mteja akalipokea akatoka kwa kunyata.

Kidoti aliacha mwenyewe. Ukiniuliza ni lini, sijui. Siku moja niligundua tu kwamba ni muda sijasikia kitu. Sasa anatembea, ana kazi mpya ya kuficha viatu vya wateja, na hiyo nayo tunangoja iishe.

Ninyi wenye watoto wadogo, mkiona jambo msilolielewa, nendeni kliniki. Mkirudi bado mna wasiwasi, nendeni tena. Hakuna aibu.

Lakini somo langu ni kwa hawa wengine, wanaokuja kumtazama mtoto na kutafuta nani kakosea.

Mama aliyechoka ukimwambia kosa ni lako, habishi. Siyo kwamba amekubali, ni kwamba nguvu za kubisha hana. Atalipokea, atalibeba, atazeeka nalo, na siku moja atalipeleka kwa mke wa mwanawe akidhani anampelekea msaada.

Kwa hiyo ukifika kwake, mshikie mtoto kwanza. Mwache alale hata kidogo. Ukishamshika mtoto wake kwa muda wa kutosha, huenda hata ulichotaka kumwambia ukakisahau.